MASHINE YA KUCHONGA IKIKWAMA, TUPIME KABLA YA KUNUNUA

Maneno haya yalisemwa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia vya Kangemi, Kawangware na Uthiru, walipokutana kujifunza utunzaji wa mashine.

Wanavikundi wenzetu, akina mama, akina baba, na nyinyi vijana mlioketi huko nyuma,

Tumeombwa tuseme juu ya zile mashine ndogo za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta, ambazo vijana wanaziita CNC. Vikundi kadhaa vilivyo hapa leo vimeshanunua, na vingine tunasikia bado viko katika kuchanga. Maswali yanayotufikia ni mawili. La kwanza ni la vijana: mbona mashine ilifanya kazi vizuri mwezi wa kwanza, na sasa inasimama katikati ya kazi? La pili ni la mhazini: tununue bodi mpya, au tusinunue?

Ukiyatazama vizuri, maswali haya ni jambo moja. Tukijua kwa nini mashine inasimama, tutajua kama kuna haja ya kununua. Tusipojua, tutanunua bodi, mashine itasimama tena, tutanunua nyingine, na pesa ya kikundi itaishia Luthuli Avenue huku mteja wa Kileleshwa akipeleka kazi yake kwingine.

Sisi si mainjinia. Kazi yetu ni ustawi wa jamii, na tumeingia katika mambo ya mashine kwa sababu vikundi viliingia kwanza. Lakini tumekaa na mafundi, tumeshika testa kwa mikono yetu, na tutakayowaambia ni yale tuliyoyaona yakisaidia.

Kuna kikundi kimoja cha upande wa Kawangware ambacho kimetukubalia tueleze kisa chake bila kutaja jina. Kikundi hiki kilitoa mkopo katika mfuko wa wanachama, kikanunua mashine ya aina ya 3018. Nambari hiyo inaonyesha nafasi ya kazi, yaani sentimita 30 kwa 18. Wakapata kazi nzuri: nambari za milango kwa nyumba za ghorofa, na vibao vya majina vya misalaba ya makaburini. Halafu shida ikaanza. Mashine inachonga kibao cha kwanza, inachonga cha pili, ikifika cha tatu inasimama, na kompyuta inasema haiioni tena. Kibao kimeharibika, mbao imepotea. Siku nyingine haisimami, lakini maandishi yanasogea pembeni milimita kadhaa, jina la marehemu linatoka limepinda. Je, kibao kama hicho utampelekea nani?

Walipeleka bodi kwa muuzaji mmoja mjini. Aliitazama kwa macho tu, akasema imeungua, nunueni mpya. Huku nyumbani kikao kikakaa, na ikasemwa kwamba kijana aliyekuwa zamu ndiye aliyeiunguza, kwa hiyo alipe yeye. Kijana huyo hana kazi nyingine. Tulikumbuke hilo tunapoendelea, maana hapa hatuzungumzi juu ya waya peke yake.

Aliyefungua njia ni mhazini wao, mama anayeuza samaki jioni. Yeye aliuliza tu: kama bodi imeungua, mbona inatembea asubuhi? Vijana wakakosa jibu. Ni kweli kuna bodi zinazougua nusunusu, lakini si nyingi. Kitu kilichoungua kwa kawaida kimekufa, hakifi na kufufuka kila siku baada ya chakula cha mchana.

Basi tuijue mashine yenyewe kwanza. Ukiondoa vyuma, inabaki na viungo vichache vya stima. Kuna kisanduku cha pawa kinachopokea stima ya nyumba, volti 240, na kuitoa kama volti 24. Kuna bodi, ambayo ndiyo akili. Juu ya bodi kuna draiva tatu, vijibodi vidogo kama ukucha wa kidole gumba, kila moja inaendesha mota moja: ya kushoto na kulia, ya mbele na nyuma, ya juu na chini. Mota hizi huenda kwa hatua, hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Halafu kuna mota ya kukatia, ile inayozungusha kisu, na hiyo ndiyo inayokula stima nyingi na kupiga kelele nyingi. Mwisho ni waya ya USB inayoleta amri kutoka kwa kompyuta.

Programu iliyo ndani ya bodi nyingi za namna hii inaitwa Grbl. Ilianzishwa mwaka 2009 na Simen Svale Skogsrud wa Norwe, akaitoa bure ili kila mtu aitumie na kuirekebisha. Ilitengenezwa ili ikae ndani ya bodi ya Arduino, ambayo nayo ilianzia mji wa Ivrea huko Italia mwaka 2005, kwa ajili ya wanafunzi. Tunasema haya kwa sababu moja. Vitu hivi havina siri. Mipango yake iko wazi, na kijana aliyefika kidato cha nne anaweza kuifuata. Anayewaambia kwamba ni lazima mashine irudi China kutengenezwa anawapotosha.

Sasa majaribio. Yako matatu, na yafanywe kwa mpangilio huu, bila kuruka.

La kwanza, iendesheni kazi ileile iliyokwama, lakini inueni kisu juu ya mbao na mota ya kukatia iwe imezimwa kabisa. Mashine itacheza hewani. Iacheni ifike mwisho. La pili, rudieni hewani vilevile, lakini sasa mota ya kukatia iwe inazunguka. La tatu, kateni mbao yenyewe.

Ikikwama katika jaribio la kwanza, shida iko katika kompyuta, waya ya USB, bodi, draiva, au chuma kilichokaza. Ikipita la kwanza na kukwama katika la pili, mota ya kukatia inavuruga mambo kwa kelele yake ya stima. Ikipita yote mawili na kukwama inapokata, basi ama pawa haitoshi, ama mnalazimisha kisu kiende mbio kuliko uwezo wake. Mnaona? Hamjatumia hata senti, na tayari mmeshapunguza nyumba ya kutafutia kutoka vyumba vingi hadi kimoja.

Wale wa Kawangware walipita jaribio la kwanza. Katika la pili mashine ilikwenda kidogo ikasimama. Kwa hiyo bodi ilikuwa nzima. Kijana aliyekuwa zamu aliketi chini, akashika kichwa, akacheka.

Hii kelele ya stima ni nini? Mota ya kukatia ina brashi ndani, vipande vidogo vya kaboni vinavyosugua shaba inayozunguka. Kila vinapogusa na kuachia kuna cheche. Cheche hizo hutoa mawimbi, kama vile pikipiki ikipita karibu na redio mkasikia inakwaruza. Waya ya USB hubeba ishara ndogo sana. Ikifungwa pamoja na waya ya mota, inaokota ule mkwaruzo, na kompyuta inadhani mashine imeng'olewa. Kikundi chetu kilikuwa kimezifunga waya zote pamoja kwa zipu za plastiki, nadhifu kabisa, kama nywele zilizosukwa. Unadhifu huo ndio ulikuwa ugonjwa.

Dawa yake ni hii. Waya ya mota ya kukatia ipite upande wake, na waya za USB na za swichi za mpaka zipite upande mwingine. Zikilazimika kukutana, zipishane kama msalaba, zisilale pamoja. Waya mbili za mota zisokotwe pamoja kama kamba. Waya ya USB iwe fupi na nene, ile yenye uvimbe mweusi karibu na mwisho. Uvimbe huo ni kipande cha feraiti cha kuzuia mkwaruzo. Halafu fundi achomee kapasita ndogo ya kauri, iliyoandikwa 104, kwenye miguu miwili ya mota ya kukatia. Ni kitu cha bei ndogo mno, na hufanya kazi ambayo bodi mpya haiwezi kuifanya. Jaribuni pia kuendesha laptopu kwa betri yake, chaja ikiwa imechomolewa. Ikiwa shida inaisha, basi chaja ndiyo inaleta uchafu.

Tuje kwenye pawa, na hapa tutakaa kidogo, maana ndipo tumeona matatizo mengi.

Kila kikundi kinunue testa. Ile ya kawaida ya rangi ya manjano inatosha, na bei yake haimtishi mhazini. Wekeni kwenye volti za DC, kiwango cha juu ya 24. Pimeni mahali pawili: kwenye skrubu za kutokea za kisanduku cha pawa, na kwenye skrubu za kuingilia za bodi. Pimeni mashine ikiwa imetulia, na tena ikiwa inakata mbao ngumu. Andikeni namba zote nne katika daftari.

Zikibaki karibu na 24 zote, pawa ni nzuri, tafuteni kwingine. Kwenye kisanduku ikiwa 24 lakini kwenye bodi inashuka, tuseme, hadi 21, kisanduku hakina kosa. Volti zinapotelea njiani, kwenye waya nyembamba au skrubu iliyolegea. Ikishuka kwenye kisanduku chenyewe, kisanduku kimechoka au ni kidogo kuliko kazi.

Msidharau skrubu iliyolegea. Tufanye hesabu. Kiungo kibaya chenye ukinzani wa nusu omu tu, kikipitisha ampea 4, kinameza volti 2. Pia kinatoa joto la wati 8, mahali padogo kama punje ya mahindi. Ndiyo sababu mnaona plastiki imekuwa kahawia na kunuka. Na joto likizidi, kiungo kinalegea zaidi, kwa hiyo asubuhi mashine ni nzima na alasiri inaugua. Mama yetu wa samaki hakujua hesabu hii, lakini swali lake lililenga palepale.

Kuna jambo ambalo mafundi wengi wa jua kali hufanya kwa nia njema: kupaka risasi kwenye ncha ya waya yenye nyuzi nyingi kabla ya kuikaza kwenye skrubu. Inaonekana imara. Lakini risasi ni laini. Ikibanwa hutambaa polepole, na baada ya wiki chache skrubu iko hewani. Kateni ile ncha iliyopakwa risasi, vueni waya upya, mvishe kile kikofia cha chuma cha kubana kwa koleo, halafu kaza. Kama hamna vikofia, nyuzi tupu zilizosokotwa vizuri na kukazwa ni bora kuliko risasi. Wale wa Kawangware walikuta skrubu mbili za namna hiyo. Walitenganisha waya, wakakaza skrubu, wakachomea ile kapasita, na gharama yote haikufika bei ya mfuko mmoja wa unga.

Onyo. Kwenye visanduku vingi vya pawa, skrubu za volti 240 ziko jirani na zile za 24, mstari mmoja. Volti 240 zinaua. Kabla ya kukaza chochote, chomoeni plagi ukutani, si kuzima swichi tu, na mngoje dakika chache kwa sababu kapasita za ndani hubaki na chaji. Kifuniko cha plastiki cha skrubu hizo kisitupwe. Na mtazame ile waya ya ardhi, ya kijani na manjano. Nyumba nyingi za kupanga kwetu zina soketi yenye matundu matatu lakini tundu la ardhi ni pambo. Pimeni plagi ikiwa nje: testa ikiwa kwenye mlio, mguu mmoja kwenye pini ndefu ya plagi, mwingine kwenye skrubu ya fremu ya mashine. Msiguse alumini yenyewe, maana ngozi yake imepakwa na haipitishi stima. Ikilia, waya ya ardhi ya mashine ni nzima. Kama soketi yenyewe ina ardhi, hilo ni la fundi wa stima mwenye leseni na mwenye nyumba, na kikundi kina haki ya kulidai.

Sasa yale maandishi yanayosogea. Hapo bodi haijazima, ila mota moja imekosa hatua. Kabla ya kugusa stima, zimeni mashine na mzungushe kila parafujo kwa mkono, kutoka mwisho huu hadi ule. Ikikaza mahali, ni vumbi la mbao au chuma kilichopinda, na hakuna draiva itakayoponya hilo. Safisha, paka mafuta kidogo.

Vyuma vikiwa huru, tazameni draiva. Nyingi ni za aina ya A4988. Draiva hii ikipata joto kali hujizima yenyewe, ikipoa inarudi. Katika ule muda mfupi wa kulala, mota haisogei, lakini bodi haijui. Bodi inadhani imefika Kangemi kumbe mota bado iko Westlands. Kwa hiyo kwanza, kila draiva iwe na kipoza joto cha alumini juu yake, na feni ndogo ielekezwe hapo. Hakikisheni feni ni ya volti 24 kama mnaichukua stima hapo. Ya volti 12 itakufa.

Pili, draiva ina kiskrubu kidogo cha kuweka kiasi cha stima inayokwenda kwenye mota. Ikiwa kidogo, mota haina nguvu. Ikizidi, draiva inachemka. Huwekwa kwa kupima volti kati ya kile kiskrubu na mguu wa ardhi wa bodi. Kwa A4988, hesabu ni ampea mara 8 mara ukinzani wa vile virisista viwili vyeusi vilivyo kwenye draiva. Vikiandikwa R100, yaani omu 0.1, basi ampea 1 ni volti 0.8. Mota nyingi za mashine hizi zimeandikwa ampea 1.3 au karibu na hapo, na ampea 1 inazitosha.

Lakini someni vile virisista! Kuna draiva zilizoandikwa R050, nusu ya ile ya kwanza. Ukiweka volti 0.8 hapo unapeleka ampea 2, na utaunguza kitu huku ukiapa kwamba ulifuata maagizo. Vijana, namba iliyoandikwa kwenye kitu ina uzito kuliko namba mliyoiona kwenye video ya mtu wa mbali.

Tumieni bisibisi ya plastiki au ya kauri, kwa maana kipimo hiki hufanywa stima ikiwa imewashwa, na ya chuma ikiteleza, mchezo umekwisha. Na jambo moja ambalo tungependa liandikwe ukutani kwa kalamu nyekundu: plagi ya mota isichomolewe wala kuchomekwa stima ikiwa imewashwa. Draiva hufa papo hapo.

Swichi za mpaka nazo husumbua. Mashine inasimama na kuandika ALARM:1, kana kwamba imegonga ukuta, na haijagonga kitu. Ni ule mkwaruzo wa mota tena, umeingia kwenye waya ndefu ya swichi. Tenganisheni waya. Bora zaidi, fungeni swichi kwa namna ambayo stima hupita wakati haijaguswa, na kukatika inapoguswa, kisha mbadilishe $5 iwe 1. Faida yake ni kwamba waya ikikatwa na panya, mashine inakataa kutembea badala ya kwenda kugonga. Swichi ambayo haisemi lolote hadi siku ya ajali haina faida.

Mhazini sasa anataka kujua, je, hakuna siku ya kununua? Ipo. Ila anunue aliyeweza kuandika katika daftari: shida ni hii, tumeipima hivi, na kitu hiki kitaiondoa.

Kabla ya kubadilisha chochote, andikeni $$ kwenye programu ya kompyuta. Mashine itatoa orodha ya mipango yake yote. Nakilini namba kwa namba katika daftari. Bodi mpya huja tupu, na bila orodha hiyo mtaanza kubahatisha.

Kuna wanaotaka kubadilisha A4988 waweke DRV8825, yenye uwezo wa kubeba stima zaidi. Ni sawa, kama bodi yenu ina soketi. Bodi nyingine draiva zimechomewa moja kwa moja na hazitoki. Mambo matatu yaangaliwe. Kwanza, kile kiskrubu kidogo kiko upande wa pili ukilinganisha na A4988. Mkifuata kiskrubu mtaichomeka kinyume na kuiunguza pamoja na bodi. Fuateni maandishi ya miguu, EN kwa EN, GND kwa GND. Pili, hesabu ya volti ni nyingine: ikiwa ina R100, ampea 1 ni volti 0.5. Tatu, hatua zinabadilika. A4988 kwa kawaida ya bodi hizi hugawanya kila hatua mara 16. Hatua 200 mara 16 ni 3200, na parafujo inayosogea milimita 4 kwa mzunguko inatoa hatua 800 kwa milimita. DRV8825 mahali hapohapo hugawanya mara 32, kwa hiyo inakuwa 1600. Msipobadilisha $100, $101 na $102, nambari ya mlango itatoka nusu ya ukubwa. Jaribio lake ni rahisi: iambieni mashine isogee milimita 100, mpime kwa rula.

Wengine hupenda TMC2208 kwa sababu ni kimya. Kimya ni kizuri ukiwa na mtoto mchanga chumba cha pili. Kwa kazi ya mbao tungeiweka nyuma ya testa, kisanduku kizuri cha pawa, na kitufe kikubwa chekundu cha dharura kinachokata stima yote. Kitufe hicho kwetu ndicho nyongeza ya kwanza, kabla ya nyingine yoyote. Na ile taa ya leza ambayo wauzaji huwapa kama zawadi, isiwashwe kabisa bila miwani ya rangi inayolingana na leza hiyo, wala mbele ya watoto. Jicho halina spea.

Stima ikipotea je? Maana kwetu hupotea. Grbl hukumbuka mipango yake lakini hukosa kujua kisu kiko wapi. Mkiwa na swichi za mpaka na mmeweka $22 iwe 1, mtaandika $H, mashine itakwenda kutafuta nyumbani kwake. Na kama mlihifadhi mwanzo wa kazi kwa amri ya G10 L20 P1 X0 Y0, mwanzo huo hubaki ndani ya bodi hata stima ikikatika. Sharti ni kwamba mlianza kwa $H kabla ya kuhifadhi, na mbao isisogezwe; iacheni imefungwa palepale mpaka stima irudi.

Kuhusu kununua mjini. Luthuli na River Road mtapata karibu kila kitu, lakini nendeni watu wawili, mkiwa na kile kitu cha zamani mkononi na testa mfukoni. Ombeni kisanduku cha pawa kiwashwe dukani, mpime 24. Muuzaji mwema hakatai. Chukueni risiti yenye jina la kikundi, si la mtu. Msidharau pia takataka: printa na fotokopi zilizokufa katika ofisi za Westlands zina mota za hatua, fimbo za chuma laini na swichi. Hapa Nairobi kuna kampuni ya AB3D iliyojenga printa za 3D kwa kutumia vipande vya vyombo vilivyotupwa, kwa hiyo si ndoto. Na kwa shida iliyowashinda kabisa, ulizeni katika karakana za umma kama Fab Lab ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambayo Dkt. Kamau Gachigi aliiongoza kabla ya kushiriki kuanzisha Gearbox. Nendeni na daftari lenye vipimo. Fundi akiona namba zenu, mazungumzo yanakuwa mengine.

Kile kikundi cha Kawangware kilibadilisha kanuni yake. Mashine ikisimama, hakuna kikao cha kulaumu mpaka majaribio matatu yamefanywa na namba nne za volti zimeandikwa, na mtu wa zamu huwapo wakati wa kupima. Ile hoja ya kumlipisha kijana ilifutwa katika muhtasari. Sasa yeye ndiye anashika testa, na kazi ya vibao inaendelea.

Tumemaliza upande wetu. Mashine ya kikundi cha Uthiru iko hapo mezani, na wanasema inaandika ALARM:1 kila wanapowasha mota ya kukatia. Mama wawili na kijana mmoja wasogee mbele, wachomoe plagi kwanza, na wengine tuwasomee hatua.